Somo: Kulihamishia dodoso la nyonga kwenye Kikorea

Leo tunalichukua dodoso moja, Oxford Hip Score, linalomuuliza mgonjwa maumivu ya nyonga na shughuli zake za kila siku, tulifuate kutoka Kiingereza hadi Kikorea. Lina maswali 12 tu na lilitoka Uingereza mwaka 1996. Kila swali lina alama 0 hadi 4, na mwenye 48 nyonga yake haimsumbui kabisa. Ukikutana na makala za zamani zenye alama 12 hadi 60, hiyo ni hesabu ya mwanzo, na huko 60 ndiyo hali mbaya. Kagua hilo kabla ya kulinganisha chochote. Toleo la Kikorea limeshafanyika; nalitumia kwa sababu mitego yake inaonekana waziwazi.

Hatua ya 1: Ruhusa. Dodoso hili lina mwenyewe, na leseni hutolewa na Oxford University Innovation. Andika barua kwanza. Kuna watu wamemaliza kazi yote ndipo wakaambiwa hawakuwa na haki ya kuigusa.

Hatua ya 2: Watafsiri wawili wa kwenda. Wote Wakorea kwa kuzaliwa. Mmoja aijue mifupa, mwingine asijue chochote cha hospitali. Wafanye kazi kila mtu kivyake, kisha wakae pamoja watoe nakala moja, huku kila walipotofautiana pakiandikwa.

Hapa ndipo neno "nyonga" lenyewe linapoleta kesi. Daktari ataandika *gogwanjeol*. Ni sahihi, lakini ni neno la kitabibu, na bibi wa kijijini anaweza kulipita bila kulielewa. Yule wa pili ataandika *eongdeongi*, neno la kila siku, ila mtu akilisikia anashika tako. Maumivu ya kiungo cha nyonga mara nyingi husikika kwenye kinena. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kujibu kwa uaminifu kabisa kuhusu mahali pengine. Mimi ningeweka *gogwanjeol*, na juu ya ukurasa mchoro wa mwili wenye alama mahali penyewe. Mchoro hauna lahaja.

Swali la kuchechemea nalo lina mwiba. Kikorea kina kitenzi cha kawaida cha kutembea hivyo, na kina jina *jeolleumbari*, ambalo ni tusi kwa mlemavu wa mguu. Baki na kitenzi. Na usimwandikie mzee "wewe": *dangsin*, lililomo kwenye kamusi, humkera mtu usiyemjua. Kikorea kinaruhusu kuliacha jina la mtenda na kuweka heshima ndani ya kitenzi. Mwaka mzima wa shule ya lugha ulinifundisha hilo polepole.

Hatua ya 3: Watafsiri wawili wa kurudi. Hawa lugha yao ya kwanza ni Kiingereza, hawajaliona dodoso la asili, na ni bora wasiwe watu wa tiba. Kazi yao si kusifu bali kufichua. Likirudi "maumivu ya tako", mmeshapata jibu.

Hatua ya 4: Kamati. Daktari wa mifupa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu wa takwimu, mtu wa lugha, na watafsiri wote. Siku hii isikimbizwe.

Chukueni swali la 8: baada ya kula mezani, kuinuka kitini kuliuma kiasi gani? Nyumba nyingi za Korea zina *ondol*, sakafu inayopashwa moto kutoka chini, na wazee wengi wamekula maisha yao yote wakiwa wamekaa sakafuni mbele ya meza fupi, miguu imekunjwa. Kuinuka sakafuni kunaikunja nyonga kuliko kuinuka kitini. Kamati itagawanyika: nusu watataka "kuinuka sakafuni" kwa sababu ndiyo maisha ya watu, nusu watataka kiti kibaki. Mimi niko na wa kiti. Ukibadilisha kitendo, alama 30 ya Seoul si alama 30 ya Oxford tena. Maswali ya kuchuchumaa, kukunja miguu na kupiga magoti kwa salamu ya Seollal, mwaka mpya wa Kikorea, yaandikwe karatasi ya pili na yahesabiwe peke yake. Wala yasiachwe, maana nchi hiyo sababu kubwa ya kubadilishiwa nyonga ni kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu, na wengi wao bado wana umri wa kazi. Swali lao la kwanza ni kama watakaa chini tena.

Hatua ya 5: Jaribio dogo. Wagonjwa 30 hadi 40. Wajaze, kisha uliza: "Hapa umeelewa nini?" Usiulize "umeelewa?", kwa sababu jibu la adabu ni ndiyo.

Hatua ya 6: Vipimo. Sasa ndipo namba zinaingia:

- Alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali yanavyokwenda pamoja, iwe kati ya 0.70 na 0.95. Ikizidi hapo, huenda maswali yanarudiana.
- Mgonjwa ajaze mara mbili, wiki moja hadi mbili kati yake, hali yake ikiwa haijabadilika. ICC, namba inayoonyesha majibu ya mara mbili yanavyolingana, isipungue 0.70.
- Linganisha na WOMAC ya Kikorea, dodoso la maumivu ya nyonga na goti lililokuwapo tangu 2001, na SF-36, dodoso la afya kwa jumla. Andika makisio yako kabla ya kufungua data.
- Wakiwa zaidi ya 15% wamepata alama ya juu kabisa au ya chini kabisa, kipimo kimegonga dari au sakafu: hakiwezi tena kuwatofautisha.
- Pima kabla ya upasuaji na miezi kadhaa baadaye, uone kama alama zinasogea.

Maswali ya wanachama

Mama Kauthar: Mwalimu, shikamoo. Tafsiri ya kurudi siwezi kumwachia kompyuta?

Marahaba. Kwa kujikagua nyumbani, sawa. Kwa kamati, hapana. Mashine hulainisha kosa: ikiona sentensi ya ajabu huitengeneza iwe nzuri, nawe ulitaka kuuona huo uajabu.

Tabibu Chipukizi: Nina wagonjwa 40 wa jaribio dogo. Siwatumii haohao kwenye vipimo?

Usiwatumie, daktari. Walishajadili maswali nawe. Tafuta wapya: angalau 50 kwa kurudia kujaza, na 100 kwa alfa.

Mtakwimu: Umesahau kosa la kipimo. ICC nzuri haimwambii daktari kama mgonjwa mmoja amepona.

Kweli, ndugu, nimeliruka. Zidisha kosa sanifu la kipimo kwa 1.96, kisha kwa kipeuo cha pili cha 2. Kosa likiwa alama 2, badiliko lisilofika takriban 5.5 kwa mtu mmoja linaweza kuwa kelele tu.

Rukia wa Tanga: Na tukitaka kulifanya kwa Kiswahili? Kwetu mtu akisema kiuno anaweza kuwa anamaanisha mgongo wa chini.

Ndiyo kesi ileile ya *eongdeongi*, dada. "Nyonga" na mchoro pembeni. Swali la kuvaa soksi, lililomo pia kwenye dodoso, litakusumbua zaidi: Tanga nani anavaa soksi kila siku? Kamati ya Kikorea haikuwa na shida hiyo, kwao viatu huvuliwa mlangoni na soksi hubaki. Kabla hujaweka kanga au viatu mahali pake, waandikie wenye dodoso uwaulize, na ulete majibu yao hapa.