Jinsi ya kurusha Fireball bila kumchoma mwenzako

Katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons toleo la tano, kwa kanuni za 2014 tunazotumia mezani kwetu, Fireball, uchawi wa mpira wa moto, hudhuru kwa jumla ya dadu 8 za pande 6. Wastani wake ni 28. Mchawi wa ngazi ya 5 mwenye Constitution (ustahimilivu wa mwili) 12 ana pointi za uhai 27 tu. Kwa hiyo anaweza kujiangusha mwenyewe, maana moto ule haujui nani alichangia hela ya chipsi.

Mimi ndiye mwendesha mchezo, mazimwi na goblini ni wangu, na wakichomana wao kwa wao napunguziwa kazi. Ila lawama humwendea mchawi kila mara, wakati mharibifu ni mpiganaji. Zamu yake ikifika anakimbia hadi katikati ya goblini sita, anamkata mmoja, anaegemea kiti. Mchawi anayefuata hana pa kurushia.

Basi anzeni na miguu ya mpiganaji. Asimame mlangoni, asiingie chumbani. Maadui watamfuata na kusongamana mbele yake, na hapo ndipo mchawi anapowataka.

Sasa hesabu. Moto unafika futi 20 kila upande kutoka kwenye kitovu, yaani miraba 4 ya ramani. Wachezaji wengi hulenga goblini aliye mbele, kisha wanashangaa mwenzao akiungua. Usilenge mtu, lenga sakafu iliyo nyuma yao. Tafuta mstari unaomtenganisha mpiganaji na adui anayetazamana naye, hesabu miraba 4 kwenda ndani ya chumba, weka kitovu hapo. Goblini wa mbele ataungua na mpiganaji hataguswa. Chumba kikiwa kifupi hesabu hii haitimii, na kujibanza nyuma ya nguzo hakusaidii kitu, kwa sababu moto huu unakata kona.

Mpiganaji akiwa tayari katikati yao na mchawi ndiye wa kwanza kucheza, mchawi anaweza kuutega: "Nitaurusha mwenzangu akishatoka." Gharama yake ijulikane mapema. Nafasi ya uchawi, mojawapo ya chache alizo nazo kwa siku, inatumika pale pale, na akipigwa akapoteza umakini kabla ya kurusha, umepotea bure. Mpiganaji naye akitoka ovyo atapigwa mgongoni, kwa hiyo atumie zamu yake kujitoa kwa tahadhari, bila kushambulia. Wapiganaji hawapendi kabisa kusikia hivyo.

Yote haya yanataka kusemezana. Mezani kwangu naruhusu sentensi moja katika zamu ya mwenzako: "Usivuke mlango!" inatosha. Mkutano wa dakika tano sikubali, goblini hawasubiri.

Njia ya mkato ipo. Mchawi aliyebobea katika Evocation, tawi la uchawi wa nguvu kama moto, kuanzia ngazi ya 2, akirusha Fireball kwa nafasi ya uchawi ya ngazi ya 3 anaweza kuwakinga wenzake 4 anaowaona wasiungue hata kidogo. Kanuni za 2024 zimeisogeza ruhusa hiyo hadi ngazi ya 6. Sorcerer, yaani mchawi wa kuzaliwa nao, mwenye Careful Spell, mbinu ya kuwapunguzia wenzake madhara, asijione salama: kwa kanuni za 2014 wenzake bado hula nusu ya moto. Sleep nayo, uchawi wa kulaza usingizi, pamoja na upole wake, huanza na mwenye pointi chache zaidi ndani ya eneo, awe wa upande gani. Mwizi wenu aliyejeruhiwa atakoroma kabla ya jitu.

Kuna hali moja ambayo mimi mwenyewe huuliza mara mbili kabla ya kukubali: mwenzenu amelala sakafuni, pointi zake za uhai ni sifuri. Aliyezimia hawezi kukwepa, na moto ukimpata anahesabiwa kushindwa mara moja katika kupigania uhai wake. Mara tatu amekufa.

Lakini wakati mwingine kumchoma mwenzako ndiyo hesabu sahihi. Mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye Constitution 16 ana pointi 49. Akiwa bado nazo zote, upeo wa dadu 8 ni 48, hataanguka. Muulize kwanza, mwili ni wake. Akiwa amepungukiwa, tazama mpangilio wa zamu: kama kasisi anacheza baada yako na kabla ya maadui, yuko ndani ya futi 60, na ana Healing Word, uchawi wa kuponya kwa mbali, choma.