Papi wako na mbwa walioachiwa bila kamba: mambo ya kujua kabla hujatoka naye

Ndugu zangu mlioko ughaibuni ambao mmechukua papi, yaani mtoto wa mbwa, juzijuzi, naomba niseme hili mapema maana mimi nililijua nimeshachelewa. Papi wangu alikuwa na miezi minne, tunatembea zetu taratibu, mara mbwa mmoja mkubwa akatokea anakuja mbio moja kwa moja, na mwenyewe yuko kule mbali anapunga mkono anasema hana neno huyo, ni mpole. Mi nikasimama, nikakaza kamba, nikatabasamu, kwa sababu niko nchi ya watu na sikutaka kuonekana mkorofi. Na kweli yule mbwa hakung'ata. Alimrukia tu papi akamlalia, papi akalia kwa sauti ambayo mpaka leo siisahau, na baada ya hapo wiki tatu nzima tukifika mlangoni anakaa chini hataki kutoka.

Kwaiyo kitu cha kwanza, swali sio kama mbwa wa mwenzio ni mpole. Mbwa anaweza kuwa mpole kabisa na bado akamuumiza au akamtia hofu mtoto wa kilo nne. Wewe kazi yako ni papi wako, na adabu kwa mwenye mbwa mwingine inakuja baadae sana.

Mbona nasisitiza hivi? Ni umri. Kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 12 au 14 hivi ndo kipindi ambacho mtoto wa mbwa anajifunza kitu gani duniani ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopa, na hata miezi inayofuata bado ni mwepesi wa kushika hofu, tukio moja baya linaweza kumfanya abwekee kila mbwa kwa miaka. Alafu tatizo ni kwamba chanjo za utotoni kwa kawaida zinamalizika karibu na wiki ya 16, na kirusi cha parvo, ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa, kinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, kwaiyo huwezi kumshusha chini popote tu, na pia huwezi kumfungia ndani mpaka amalize. Njia ya katikati ni kumbeba. Mpakate au muweke kwenye begi la kifuani, kaa naye kwenye benchi aone mbwa wakipita, baiskeli, watoto, mabasi. Muulize daktari wa mifugo wa hapo ulipo ni lini anaweza kuanza kukanyaga chini na ni sehemu gani za kuepuka.

Akishaanza kutembea, vifaa. Mkanda wa kifuani ni bora kuliko wa shingoni peke yake, maana papi akiruka kwa hofu shingo haiumii, na kamba iwe ya kawaida ya mita moja na nusu au mbili. Zile kamba zinazojivuta zenyewe sizipendi hata kidogo, uzi wake mwembamba ukijizungusha kwenye mguu wa mbwa mwingine au kwenye vidole vyako unakata. Biskuti za mbwa ziwe mfuko wa nje, sio ndani ya begi lenye zipu, utaelewa kwa nini hapo mbele. Earphone acha nyumbani. Na hii ni ya sisi hasa tunaohamahama nyumba na kubadilisha laini za simu: ile chipu ya utambulisho anayowekewa mbwa chini ya ngozi haina maana kama namba ya simu iliyosajiliwa ni ya zamani, na papi akitishwa akachomoka kamba anakimbia bila kuangalia nyuma.

Soma mabango kwenye geti la paki. Sehemu nyingi zina maeneo ambayo mbwa wanaruhusiwa kuwa huru na mengine lazima wafungwe, na sheria zinatofautiana kutoka mji mmoja hadi mwingine, usibebe ulichozoea mji uliotoka. Ile sehemu iliyozungushiwa uzio ya mbwa kuchezea, mi nashauri papi asiingie kabisa mpaka akue. Mbwa kumi wasiojuana, yeye mdogo, kona hakuna pa kukimbilia. Pia angalia saa, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi ndo mbwa wote wako nje, ukiweza toka katikati ya hapo, na chagua njia ambayo unaona mbali.

Sasa kusoma mwili, hapa ndo pa kutulia. Watu wengi wanaangalia mkia tu, ukitikisika wanasema kafurahi. Hapana. Mkia uliosimama juu umekakamaa unatikisika harakaharaka kidogokidogo sio furaha. Angalia mwili wote. Mbwa anayekuja kwa amani anakuja amelegea, anakuja kwa kupinda kama anazunguka, anageuza uso pembeni, mdomo uko wazi kidogo, au anashusha viwiko chini matako juu kuomba mchezo. Wa kuogopa ni yule amekakamaa, mdomo umefungwa, macho yamekaza kwa papi hapepesi, au anatembea polepole amejishusha kama paka anayevizia. Na papi wako naye anaongea: akilamba midomo, akipiga miayo wakati hana usingizi, akiinua mguu mmoja, akibana mkia, akija kujificha nyuma ya miguu yako, ameshakuomba msaada. Usimsukume mbele eti azoee. Akisukumwa anajifunza kwamba hata wewe humlindi.

Haya, mbwa anakuja mbio na hana kamba. Ukimwona bado yuko mbali, geuka uende upande mwingine kwa sauti ya furaha, na hili mlifanyie mazoezi nyumbani kila siku, unasema "twende" mnageuka unampa biskuti, mpaka liwe jambo la kawaida kwake. Usikimbie wala usipige kelele, mbio zinamwita yule mbwa afukuze. Wakati huohuo mwite mwenye mbwa kwa sauti kubwa na maneno machache. Jifunze sentensi hii moja kwa lugha ya hapo ulipo hata kama lugha yenyewe bado inakusumbua: "Mwite mbwa wako tafadhali, wangu ni mdogo na anaogopa." Irudie ukiwa peke yako mpaka itoke bila kufikiri, kwa sababu moyo ukienda mbio maneno ya kigeni yanapotea yote. Akikujibu ni mpole, usianze mjadala, sema tena mwite.

Akishakaribia, papi aende nyuma yako na wewe uwe ukuta. Simama wima, mkono mbele kama unasimamisha gari, sema "hapana" kwa sauti nzito. Alafu chota biskuti ngumi nzima umrushie yule mbwa chini mbele ya pua yake. Wengi wanasimama kula, na wewe umepata sekunde za kuondoka. Mwavuli nao unasaidia sana, ukiufungua ghafla unakuwa kizuizi, ila mzoeshe papi wako kwanza ndani ya nyumba asije akatishika yeye.

Kumbeba au kutombeba? Watu wanabishana. Mi naona kama papi ni mdogo na umemwona yule mbwa akiwa bado mbali, mbebe mapema, kwa utulivu, mkono mmoja chini ya kifua mwingine chini ya matako, ugeuze mgongo. Lakini mbwa akishafika miguuni kumnyanyua juu kunaweza kumfanya yule mwingine akurukie, ukaanguka naye. Na kama yule anaonekana kweli ametulia na huna pa kwenda, legeza kamba. Kamba iliyokazwa inamfanya papi asimame kifua mbele uso kwa uso, hawezi kupinda wala kurudi nyuma. Waache wanusane sekunde tatu, mwite, ondokeni.

Ikitokea kung'atwa, usiingize mikono karibu na midomo yao, hata kama roho inakuuma. Maji, koti juu ya kichwa cha yule mbwa, kelele, au kama mko wawili mmoja ashike miguu ya nyuma ya yule anayeshambulia amvute kurudi nyuma. Ila akiwa ameng'ang'ania meno usimvute kwa nguvu, nyama inachanika.

Baada ya hapo nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo hata kama unaona kitundu kidogo tu. Jino linaingia ndani na manyoya yanaficha, na papi aliyetikiswa mdomoni anaweza kuumia kifuani bila damu kuonekana nje. Kama ni wewe umeng'atwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima alafu hospitali, mambo ya kichaa cha mbwa na pepopunda ni ya daktari kuamua. Piga picha, chukua namba ya mwenye mbwa, andika saa na mahali, ripoti manispaa au polisi. Najua wengi wetu tunaogopa kuripoti tukidhani italeta shida kwenye makaratasi yetu. Kutoa taarifa kwamba mbwa wa mtu amekuumizia mbwa wako sio kosa.

Na umtafutie mbwa wazuri, msiishie kukwepa tu. Mbwa mtu mzima mmoja mtulivu wa jirani, mnatembea upande mmoja mmeachana mita tano, siku nyingine mita tatu, mpaka wanusane wenyewe. Wangu alianza tena kukubali kutoka nje kwa njia hiyo.

Cha mwisho, akifika miezi sita hivi mambo yanabadilika. Mbwa wakubwa waliokuwa wanamvumilia kwa sababu ni mtoto wanaanza kumkemea, na yeye anaanza kujaribu ubabe. Wangu alipofika miezi saba ilibidi nianze upya, kamba, biskuti mfukoni, na kuangalia mbali kama vile siku ya kwanza.