Ndoa Changa na Operesheni ya Kijeshi: Kuagana, Kusubiriana na Kuanza Kuishi Pamoja

Wanandoa waliokaa pamoja kwa miaka mingi wanapotenganishwa na amri ya kijeshi huwa wanajua wanachokikosa: nani huamka kwanza, nani hufuatilia kodi ya nyumba, nani hununa akiudhiwa na nani hupaza sauti. Waliooana miezi michache iliyopita hawana akiba hiyo. Zawadi nyingine za harusi bado zimo kwenye maboksi, na tayari mmoja wao amepewa tarehe ya kuripoti kikosini. Ndiyo maana ushauri unaotolewa mara nyingi kwa familia za wanajeshi, ule wa kuvumilia hadi maisha yarudi kama zamani, hauwafai, kwa kuwa zamani yenyewe haijakuwapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na hoja yake ni kwamba kipindi cha kutengana ni sehemu ya kuijenga ndoa, na kwamba kazi iliyo kubwa kuliko zote huanza siku mwanajeshi anaporejea.

Kabla ya kuondoka

Anzeni na karatasi, kwa sababu hizi hazishughulikiki vizuri kwa simu inayokatikakatika. Mwanajeshi aliyefunga ndoa karibuni mara nyingi bado ana kumbukumbu za useja ndani ya faili lake: mtu wa kuarifiwa kwanza ni mama au kaka, mnufaika wa mafao ni mzazi, na mwenzi hajaandikishwa kwenye bima ya afya. Pelekeni nakala ya cheti cha ndoa kwenye ofisi ya utumishi ya kikosi, kisha ombeni kujionea kwamba majina yamebadilishwa, maana fomu kupokelewa ni jambo moja na fomu kufanyiwa kazi ni jambo jingine. Andikeni wosia, hata kama mali yenu yote inaenea katika chumba kimoja. Andaeni pia hati ya kisheria inayomruhusu anayebaki kutia saini kwa niaba ya mwenzake, na itaje mambo mahususi pamoja na tarehe ya mwisho: mkataba wa nyumba, akaunti fulani, usajili wa gari. Hati inayotoa mamlaka juu ya kila kitu ni rahisi kuandika lakini ni vigumu kuizuia ikitumiwa vibaya, na katika ndoa ambayo hamjajuana vizuri kwa mambo ya fedha, hati finyu huwalinda nyote wawili.

Fedha zenyewe zinahitaji mazungumzo ya wazi kuliko wengi wanavyodhani. Posho ya operesheni ina tabia ya kujulikana na ukoo mzima kabla haijaingia benki, na maombi ya ndugu hayatamfikia aliye mbali. Yatamfikia aliyebaki, ambaye kwa wengi wa ndugu hao bado ni mgeni. Amueni mapema ni kiasi gani kitakwenda kwa wazazi wa pande zote mbili, ni kiasi gani kitawekwa akiba, na ni kiwango gani ambacho hakuna atakayekivuka bila kumuuliza mwenzake. Jambo la kukataa ombi la mkwe au la wifi lisiachwe kwa aliyebaki. Mwenye ndugu ndiye awaambie ndugu zake, na afanye hivyo kabla hajapanda ndege.

Kisha kuna ugomvi wa wiki za mwisho, ambao huwatisha sana wanandoa wapya. Mwaka 1987 Kathleen Vestal Logan alieleza mzunguko wa hisia aliouona kwa wake wa wanamaji wa Marekani, akaugawa katika hatua saba, na hatua ya pili, inayotangulia safari, ni ya kujitenga: watu wawili waliotarajiwa kushikana zaidi huanza kukwepana, kukasirikia mambo madogo, hata kutamani siku ya safari ifike basi yaishe. Aliyeko katika ndoa ya muda mrefu huweza kusema kwamba hali hii itapita. Aliyeolewa au aliyeoa juzi huhofia kwamba amekosea kuchagua. Jibu si kulazimisha jioni za mapenzi, bali ni kuitaja hali hiyo kwa jina lake: "Naona tunagombana kwa sababu unaondoka, si kwa sababu ya hilo shati." Mkishaitaja, msiamue jambo lolote kubwa juu ya ndoa yenu katika wiki hizo.

Wakati wa kutengana

Kanuni ya kwanza ni kukubaliana juu ya maana ya ukimya. Kabla ya safari wekeni wazi kwamba kutopatikana kwenye simu kunaweza kuwa doria, hitilafu ya mtambo, zamu iliyobadilishwa, au amri. Baadhi ya majeshi hufunga mawasiliano ya kambi nzima askari anapouawa au kujeruhiwa vibaya, hadi familia inayohusika itakapoarifiwa rasmi, kwa hiyo ukimya wa kambi yote haumaanishi kwamba aliyepatwa ni wako. Si rahisi kuliamini hilo usiku wa manane ukitazama ujumbe wenye tiki moja tu, lakini ni vizuri kulijua. Jifunze pia jinsi jeshi lenu linavyotoa habari mbaya. Majeshi mengi humtuma ofisa nyumbani ana kwa ana, na hakuna utaratibu wa heshima unaoanza kwa kuomba nambari za siri au fedha. Mwaka 2007 Msalaba Mwekundu wa Marekani ulitahadharisha wenzi wa wanajeshi juu ya matapeli waliopiga simu wakidai kwamba askari amejeruhiwa Iraq na amesafirishwa hadi Ujerumani, na kwamba matibabu yake hayawezi kuanza bila mwenzi kuthibitisha taarifa zake binafsi. Ukipokea simu ya aina hiyo, kata, kisha piga wewe mwenyewe kwenye nambari ya kikosi uliyoachiwa.

Juu ya usiri, yatosha kusema kwamba tarehe za safari, mahali kambi ilipo na picha zinazoonyesha magari au mandhari ya kambi havina nafasi mtandaoni, hata katika kundi la mashemeji.

Mazungumzo yenyewe yanahitaji adabu yake. Wanandoa wapya huwa na hamu ya kuongea kila siku, na baada ya muda simu hugeuka kuwa taarifa ya hali ya hewa: umekula, umelala, joto likoje, haya usiku mwema. Simu chache zenye jambo ndani yake ni bora kuliko simu za kila siku zisizo na kitu. Barua, iwe ya karatasi au ya baruapepe, hufanya kile ambacho simu haiwezi, kwa kuwa mwandishi hupata muda wa kufikiri na msomaji huweza kurudia. Andika habari yenye umbo, si muhtasari: "Leo nimehamisha kitanda peke yangu, nikagundua kwamba lile doa ukutani lilikuwa limejificha nyuma yake, sasa nimekaa nalitazama na nimekasirika kwamba hupo tulicheke pamoja." Sentensi kama hiyo humweka aliye mbali ndani ya chumba. Naye aliye mbali, hata kama kazi yake haisimuliki, anaweza kueleza sauti za usiku, tabia za anayelala kitanda cha jirani, au jambo alilokuwa akilifikiria alipokuwa lindo.

Liko swali gumu zaidi kwa aliyebaki: matatizo ya nyumbani yasemwe au yafichwe? Wapo wanaoamini kwamba askari asisumbuliwe kamwe. Maoni yangu ni kwamba kuficha kila kitu ni kosa, hasa katika ndoa changa, kwa sababu anayefichwa matatizo hufichwa pia nafasi yake ya kuwa mume au mke. Mwanasosholojia Reuben Hill, aliyechunguza familia za Marekani zilizotenganishwa na Vita vya Pili vya Dunia na kuchapisha matokeo yake mwaka 1949, aliona kwamba familia inayoliziba kabisa pengo la aliyeondoka hupata shida kumpokea tena anaporudi. Wanandoa wapya hawajawahi hata kuipima nafasi hiyo, kwa hiyo ni rahisi zaidi kwao kuiziba bila kujua. Tenganisha basi mambo ya aina mbili. Yale ambayo aliye mbali hawezi kuyabadilisha na yanahitaji jibu leo, kama bomba lililopasuka, yatatue, kisha umweleze baada ya kutatuliwa. Yale yanayoweza kusubiri wiki moja, kama kuhama nyumba, kuacha kazi au kumpokea ndugu aje kuishi nanyi, yapeleke kwake yakiwa bado ni maswali.

Kurejea

Picha za kupokeana uwanjani zimewaharibia wengi matarajio. Baada ya Vita vya Falklands kati ya Uingereza na Argentina, vilivyomalizika tarehe 14 Juni 1982, makomando wa majini wa Uingereza waliorudi kwa meli ya Canberra walifika bandari ya Southampton, kwao Uingereza, tarehe 11 Julai, yaani walikuwa na takribani wiki nne za kulala, kusimuliana na kuomboleza wakiwa pamoja na wenzao. Ndege haitoi muda huo; humtoa mtu kambini jana na kumketisha sebuleni leo. Miaka ya vita vya Afghanistan jeshi la Uingereza lilijaribu kufidia kwa kuwapitisha askari kisiwani Cyprus kwa muda usiozidi siku mbili hivi kabla ya kuwafikisha nyumbani. Ikiwa kikosi chenu hakina utaratibu kama huo, utengenezeni wenyewe: siku mbili au tatu za mwanzo zisiwe na sherehe, na wageni wapangiwe mwishoni mwa wiki. Wazazi wa mwanajeshi wanaweza kuona kwamba wanazuiwa kumwona mtoto wao, kwa hiyo yeye mwenyewe awapigie simu na kuwataja siku ya kuja. Mzigo huo usimwangukie mwenzi.

Ndani ya nyumba mtakutana na vitu vidogo vyenye uzito mkubwa. Anayerudi atafungua kabati akitafuta kikombe pale alipokiacha na kukuta dawa. Atakuta upande wake wa kitanda una mito na chaja ya simu. Mlango ukibamizwa na upepo ataruka, kisha aone haya kwa kuwa ameonekana. Aliyebaki naye, aliyekuwa akila saa anayotaka na kuamua peke yake, atasikia anaulizwa "hii umenunua ya nini?" na maneno hayo yatamchoma kuliko mwulizaji alivyokusudia. Katika siku hizi anayerudi asipange upya chochote, bali aulize mambo yanavyoendeshwa na ayafuate yalivyo kwa muda. Aliyebaki naye ampe kazi halisi mapema, si kazi ya kumfurahisha mgeni. Kukabidhi hesabu za nyumba kufanyike hatua kwa hatua, mwezi wa kwanza mkikaa pamoja mbele ya daftari.

Tendo la ndoa huweza kuwa na ugeni uleule. Miili imepishana saa za kulala, na aibu ya siku za mwanzo wa ndoa hurudi bila kualikwa. Haraka haisaidii. Semeni waziwazi, hata kwa maneno ya kujikwaa, na msichukulie uchovu kuwa dalili kwamba mwenzako alikuwa na mtu mwingine. Kama shaka hiyo ipo kweli, iulizwe mara moja, mchana, mkiwa mmetulia. Kupekua simu hakujawahi kumpa mtu jibu alilolihitaji.

Hatua ya sita katika mpangilio wa Logan ni ya kujadili upya mkataba wa ndoa. Kwa wanandoa wapya mkataba huo haujawahi kujadiliwa, na hapo ndipo penye faida yao, kwa kuwa hawana mazoea ya kuvunja. Baada ya wiki sita hadi nane za kuishi pamoja, kaeni na karatasi mwulizane mambo ambayo mlikuwa mkiyakisia tu: nani anashika nini, ndugu wanakuja lini na kwa muda gani, mtoto sasa au baadaye, na amri nyingine ya safari ikija mtataka kubadilisha nini katika mpangilio wa mwanzo.

Usingizi mbaya, hasira za ghafla na kutopenda mikusanyiko ni vya kawaida katika wiki za mwanzo. Vikizidi mwezi mmoja, au vikiambatana na ndoto za kutisha zinazojirudia, ulevi, kujitenga kabisa au maneno ya kutotaka kuishi, nendeni kwa daktari au mshauri nasaha, na kwa maneno hayo ya mwisho msingoje hata siku moja. Askari wengi huogopa kwamba kutafuta msaada kutaandikwa kwenye faili na kuzuia cheo. Kama hofu hiyo ipo, anzeni kwa daktari wa kiraia au kiongozi wa dini mnayemwamini. Mwenzi akianza kupigwa au kutishwa, suala si la kuvumiliana tena: aondoke kwanza hadi mahali salama, ndipo aarifu kamanda wa kikosi au polisi, na mazungumzo ya kurudiana yafanyike kukiwa na mtu wa tatu.