Namna ya kumwona mshauri wa afya ya akili bila mji mzima kujua: ya dereva wa ambulensi, Lindi

Mimi ni dereva wa ambulensi mkoani Lindi, mwaka wa 11 huu. Nimebeba wajawazito usiku wa mvua, walioumwa na nyoka, walioanguka mikoroshoni, na vijana wa bodaboda nisioweza kuwahesabu. Nawaandikia wenzangu wa kazi hizi, madereva, askari wa zimamoto, trafiki, wauguzi wa mapokezi, mnaoishi kwenye miji kama wetu, ambako ukinunua panadoli duka la huku, jirani wa kule keshakupa pole.

Kwanza jichunguze, ila usijipime kwa machozi. Mimi sikulia hata siku moja. Kilichonishika ni harufu. Usiku mmoja, kati ya Mtama na Nyangao, lori la korosho liligongana na gari dogo, moto ukawaka. Wengine hatukuwawahi. Tangu usiku ule, nikinusa moshi wa maganda ya korosho mikono inalowa jasho na moyo unakwenda mbio. Sasa hapa Lindi utaukimbilia wapi moshi wa korosho? Nikawa nazunguka mitaa ya nyuma kurudi nyumbani. Saa nane za usiku niko macho. Kijiko kikianguka jikoni, nawafokea watoto. Na msimu wa mabibo, wenzangu wakinywa uraka (pombe ya mabibo) wa kuchangamka, mimi nilikunywa wa kulalia. Uraka ulipokwisha nikahamia kwenye nipa, gongo ya huku kwetu.

Wiki za mwanzo baada ya tukio baya hali kama hiyo huwapata wengi, na wengi hupoa wenyewe wakipata usingizi na watu wa kukaa nao. Ikivuka mwezi haijapungua, au imeanza kula kazi na ndoa yako, tafuta mtu. Kama umefika mahali unawaza kufa, usisubiri mwezi wala usihangaike na siri: nenda hospitali yoyote iliyo karibu, leo, na mtu unayemwamini.

Siku chache baada ya ule moto tuliitwa ukumbini, wakubwa wamekaa mbele, kila mmoja akatakiwa aeleze alichokiona na alivyojisikia. Nia ilikuwa njema. Nilisema "namshukuru Mungu niko salama", nikakaa. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha namna hiyo, cha mara moja, cha kumsimulisha mtu tukio likiwa bado bichi, kwa sababu hakizuii maradhi haya ya kiwewe. Ukiitwa, una haki ya kunyamaza. Na jihadhari na diazepamu za kupewa na rafiki wa famasi. Sisi tunazipata kirahisi kuliko watu wengine, ndiyo hatari yetu. Zinalaza, lakini hazitibu kiwewe, na kuziacha ni shughuli nyingine.

Kwetu Wamwera jambo zito huanzia kwa mjomba, nami nilianzia huko. Akasema, "Mpwa wangu, kazi imekushika. Tutatambika, halafu utakwenda hospitali." Nilifanya yote mawili. Wapo watakaocheka, wacheke. Mzee hakutaka niende peke yangu, basi.

Hospitali ipi? Hospitali za rufaa za mikoa ndiko kwa kuanzia. Lindi tuna Sokoine, Mtwara kuna Ligula, na ile ya Kanda ya Kusini iko Mitengo, Mtwara. Ulizia huduma za afya ya akili au ofisi ya ustawi wa jamii. Usiogope neno akili, ni mlango tu huo. Shida yangu ni kwamba pale Sokoine mimi hushusha wagonjwa karibu kila siku. Mlinzi ananijua, muuguzi ananijua, hadi muuza karanga wa getini. Nikaamua kuvuka Mingoyo na kwenda Mtwara, kilomita 100 na ushee. Ni siku nzima na nauli yake, lakini Koasta ilipoanza kuteremka Mikindani na ghuba ikaonekana, mabega yangu yalishuka kabla hata sijamwona mtaalamu. Kama huna nauli ya kila wiki, omba mara ya kwanza muonane ana kwa ana na zinazofuata ziwe kwa simu. Za simu mimi nilizifanyia ndani ya gari langu, pwani, vioo juu. Ambulensi usiitumie, redio na mwenzako havikuachi.

Sasa sehemu ambayo ningeomba uisome mara mbili. Kabla hujasimulia chochote, uliza kuhusu siri. Mimi nilikwenda na maswali kwenye karatasi. Unaandika nini kwenye faili? Nani mwingine analifungua? Nani anakulipa mshahara? Mwajiri wangu akikupigia utamjibu nini? Ni mambo gani yatakulazimisha useme? Mtaalamu akijibu "usijali, kila kitu ni siri", bado hajajibu. Yule mama wa makamo niliyekutana naye alinijibu moja moja. Akaniambia siri ina mipaka: nikiwa katika hatari ya kujiua au ya kumdhuru mtu, kukiwa na mtoto anayeumizwa, au mahakama ikiamuru. Cha ajabu, ile mipaka ndiyo iliyonifanya nimwamini. Mtu anayejua ukuta uko wapi hawezi kuubomoa kwa bahati mbaya.

Kama mwajiri ndiye anayemlipa mshauri, uliza ripoti inayorudi kazini ina nini: idadi ya mahudhurio tu, au na maneno yako? Pata jibu hilo kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo unapouliza hujidekezi.

Siri nyingi, hata hivyo, huvujia kwenye vitu vidogo. Ukipewa ED, ile karatasi ya kupumzika kazini, mwombe daktari aandike siku za mapumziko bila kutaja ugonjwa. Kazini sema "nina kliniki", usitunge msiba. Misiba ya uongo huishia kuchangiwa. Ujumbe wa miadi uzimie onyesho kwenye kioo cha simu. Usimwambie hata mmoja wa kundi la WhatsApp la kazini, hata yule mnayekula naye ming'oko kutoka sahani moja. Mke wangu nilimwambia baada ya safari ya pili, kwa kuwa alishaanza kuhesabu nauli na kufikiria nina nyumba nyingine Shangani. Afadhali kiwewe.

Ndani ya chumba hakuna kitanda cha kulalia wala maswali kuhusu mama yako. Mara ya kwanza ni maelezo na kupumua: kuvuta pumzi polepole, kuitoa polepole zaidi. Mara ya tatu nilianza kusimulia ule usiku tangu simu ilipolia, kama vile unatokea sasa, na kuurudia tena na tena. Nilitoka nimelowa, na wiki ile nililala vibaya kuliko kabla. Nakuambia mapema kwa sababu hapo ndipo wengi hukimbia. Mimi mwenyewe nilikosa miadi moja. Tiba ya kiwewe ya namna hii kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 12, kwa hiyo usiihukumu kwa viwili. Usipopatana na mshauri, mwambie, omba mwingine, wao hawanuni. Na pombe itaje. Nilimficha nipa mwezi mzima, ukapotea bure.

Kuna na kazi ya nyumbani. Yangu ilikuwa kwenda pale ninapopakwepa. Mtaa wa nyuma wa stendi yupo mama anayechoma korosho kwenye debe lililokatwa, halafu anazibangua hapohapo. Siku ya kwanza nilisimama mbali, nikapumua, nikaandika kwenye daftari: hofu 9 kati ya 10. Sharti lilikuwa kutoondoka mpaka ishuke, siyo mpaka iishe. Ilishuka hadi 6, baada ya dakika kama 40. Kesho yake nikasogea hadi kwenye nguzo. Juma lililofuata nikakaa kwenye benchi lake.

Yule mama alinitazama siku 4 zote bila neno. Siku ya tano akanigeukia, "Baba, wewe ni wa mapato au unanunua?"

Nilinunua robo kilo. Moshi bado unanikera, daftari linasema 3.