Kupima zebaki kwenye nywele za wachimbaji wadogo wa dhahabu: kuanzia mkasi hadi majibu

Katika machimbo madogo ya Geita, zebaki huchanganywa na mchanga wenye dhahabu, kisha donge linalopatikana huchomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke huo humwingia mchomaji kupitia mapafu, ilhali zebaki inayofika majini hugeuzwa na bakteria kuwa methilizebaki, ambayo hujikusanya katika samaki na kumfikia hata mtu asiyewahi kukanyaga machimboni. Nywele hutunza vizuri kumbukumbu za hiyo methilizebaki, lakini kwa mvuke kipimo cha kutegemewa ni mkojo. Tofauti hii ishikwe kabla ya kushika mkasi.

Hatua ya 1: Kibali na maelewano. Kwa utafiti nchini Tanzania, anza na kibali cha maadili kutoka NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kisha zungumza na wanakijiji bila haraka, kwa sababu nywele za mtu hazichukuliwi ovyo, na wasiwasi wa mtu kuhusu ziendako unastahili jibu la heshima. Waoneshe bahasha, waeleze maabara itafanya nini, na uahidi kurudisha au kuteketeza mabaki kama mwenyewe atakavyotaka.

Hatua ya 2: Maswali. Uliza anakula samaki gani na mara ngapi kwa wiki, kwa kuwa sangara mkubwa anayekula samaki wenzake hubeba zebaki nyingi kuliko dagaa. Uliza kama anachoma dhahabu, na kama huchomea jikoni au uani. Usisahau sabuni na krimu za kujichubua, kwani baadhi yake zina zebaki na zinaweza kupandisha majibu ya mtu asiyehusika kabisa na dhahabu. Andika pia kama ametia hina, rangi au dawa ya nywele.

Hatua ya 3: Kukata. Fanyia kazi hii mbali na mahali pa kuchomea. Vaa glavu safi, tumia mkasi wa chuma kisichoshika kutu, na ukate nywele zipatazo 100 kisogoni, karibu kabisa na ngozi. Funga uzi upande uliokuwa kwenye ngozi kabla hujaziachia, maana zikishachanganyika huwezi tena kujua mwezi upi ni upi. Nywele hukua takribani sentimita 1 kwa mwezi, na za Kiafrika mara nyingi hukua polepole kidogo. Kwa kuwa hujisokota, zinyooshe taratibu juu ya rula bila kuzivuta ndipo upime urefu. Aliyesuka rasta afumuliwe sehemu ndogo ili nywele bandia zisiingie. Kwa aliyenyoa, kusanya vipande vifupi juu ya karatasi safi na uandike kwamba vinawakilisha wiki chache tu. Weka sampuli kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu.

Hatua ya 4: Kuosha. Utaratibu uliozoeleka ni asetoni, kisha kusuuza mara tatu kwa maji yaliyosafishwa, kisha asetoni tena, na kukausha kwa hewa pasipo joto kali. Kuosha huondoa vumbi na mafuta, lakini hakuondoi mvuke wote uliokwisha kushikana na unywele.

Hatua ya 5: Kupima. Kifaa cha kupima zebaki moja kwa moja huhitaji miligramu 10 hivi. Huchoma sampuli ndani ya oksijeni, hunasa zebaki kwenye dhahabu, kisha huiachia na kusoma ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 253.7. Katika kila kundi weka chombo kitupu, sampuli iliyorudiwa, na nywele za rejea, ambazo kiasi chake cha zebaki kinajulikana tayari, kama IAEA-086. Rejea ikitoka nje ya kiwango chake, kundi zima lirudiwe.

Hatua ya 6: Kusoma majibu. Mikrogramu 1 kwa gramu ya nywele hutumika sana kama kiwango cha tahadhari, na kwa methilizebaki hulingana na takribani mikrogramu 4 kwa lita ya damu. Ikiwa jumla ya zebaki iko juu na sehemu kubwa ni methilizebaki (ambayo huhitaji kipimo chake cha pekee), tazama kwanza samaki. Ikiwa jumla iko juu lakini methilizebaki ni kidogo, shuku mvuke au krimu, na upime mkojo kabla ya kumwambia mtu kwamba mwili wake umebeba kiasi hicho. Majibu apewe mwenyewe, faraghani, kabla ya kiongozi wa kijiji au mwenye karasha (mashine ya kusaga mawe ya dhahabu) kuyaona.