Ritifaa, vistari na vinyota: kuandika alama maalumu kwenye Word bila kuzichanganya

Mwongozo huu ni wa anayepanga kurasa za kitabu, jarida au tasnifu kwenye Word ya Windows. Kibodi ina funguo chache, kwa hiyo ufunguo mmoja hubebeshwa kazi za alama tatu au nne. Jicho linaona kistari tu. Kompyuta inaona herufi tofauti, kila moja na namba yake ya Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba. Ukichagua alama kwa sura badala ya kazi yake, shida utaikuta mbele: neno halitafutiki, bei inakatika katikati ya mstari, au kitabu kinatoka mtamboni na visanduku vitupu.

Hatua ya 1: jifunze njia moja ya kuingiza alama

Andika namba ya alama, kisha bonyeza Alt+X. 2019 inageuka ’, 2013 inageuka –, 00A9 inageuka ©. Njia hii inatosha kwa kila kitu kilichomo humu, ndiyo maana sina hamu na zile orodha ndefu za Alt na tarakimu nne.

Tahadhari: kama mara kabla ya namba kuna tarakimu au herufi kati ya a na f, Word itaimeza kama sehemu ya namba. Weka nafasi kwanza, geuza, halafu futa nafasi. Ukikuta alama usiyoijua kwenye kazi ya mtu, weka kishale mara baada yake na ubonyeze Alt+X. Namba yake itajitokeza. Bonyeza tena, alama inarudi.

Kwenye simu nyingi, shikilia kidole kwenye ufunguo wa kistari au wa ritifaa, wenzake watachomoza.

Hatua ya 2: safisha ritifaa

Hapa ndipo kazi ilipo. Ritifaa ya ng’ombe ni sehemu ya tahajia, haina uhusiano na alama za kunukuu. Iondoe na maana inahama: ng’oa ni kutoa kitu kilipojikita, ngoa ni wivu. Lakini faili zinazoletwa kwangu huja na ng'ombe, ng‘ombe, ng`ombe na ng´ombe, wakati mwingine zote kwenye sura moja. Ile ya tatu na ya nne ni alama za lafudhi za lugha nyingine, na Word ikitafuta ng’ombe haizioni.

Bonyeza Ctrl+H. Tafuta ng` na ubadilishe kuwa ng', kisha rudia kwa ng´. Mwisho tafuta ' na ubadilishe kuwa ' hiyohiyo. Inaonekana kichekesho, lakini mpangilio wa kupindisha alama za kunukuu ukiwa umewashwa, Word itaigeuza kila moja kufuatana na mahali ilipo, na baada ya g itatoa ’ sahihi.

Mashairi yanahitaji mkono. Mtunzi akikata silabi ya mwanzo ili mizani itimie, akaandika ’mekuja badala ya umekuja, Word hudhani ananukuu na kuweka ‘ iliyogeuka nyuma. Kwa hiyo mashairi yasafishe baada ya ile Ctrl+H, neno kwa neno: bonyeza Ctrl na ', achia, kisha bonyeza ' tena. Utapata ’ popote pale.

Na ukihariri maandishi ya Kimvita (lahaja ya Mombasa) yenye p’aa, usiifute ritifaa ukidhani ni uchafu. Mwandishi anaonyesha p yenye mpumuo: p’aa ni mnyama, paa ni la nyumba.

Hatua ya 3: tenganisha vistari

Kistari kifupi (-) huunganisha maneno na kukata neno mwisho wa mstari. Cha kati (2013) husimama mahali pa “hadi”, bila nafasi pembeni: Vita vya Maji Maji (1905–1907), uk. 12–18. Kirefu (2014) huingiza maelezo ya pembeni. Binafsi nakitumia kwa uchache, mabano au mkato hutosha. Alama ya kutoa ni 2212, ya kuzidisha 00D7, ya nyuzi za joto 00B0. Usiandike x wala o ndogo iliyopandishwa juu.

Hatua ya 4: bei

Hii /= tunayoiandika kila siku ina historia. Waingereza waliandika 5/- wakimaanisha shilingi tano, peni hakuna: mkwaju ulitenga shilingi na peni, kistari kikaziba pengo la peni. Wao waliuacha mfumo huo mwaka 1971. Sisi tumebaki nao, kistari kikawa viwili, ingawa shilingi yetu ina senti mia.

Kwenye risiti iache, inasaidia kuzuia mtu asiongeze tarakimu. Kitabuni chagua moja: Sh 5,000 au 5,000/=. Ukiandika Sh 5,000/= umetaja shilingi mara mbili. Kati ya Sh na namba weka nafasi isiyokatika kwa Ctrl+Shift+Space, visitengane mwisho wa mstari. Na @ ya mwenye duka katika “mifuko 10 @ 17,000” maana yake ni kila mmoja kwa bei hiyo.

Hatua ya 5: kinyota na jamaa zake

Tanbihi zisizo na namba hufuata mpangilio wa zamani: *, †, ‡, §. Lakini † kando ya mwaka, hasa katika vitabu vya Kijerumani, huonyesha kufariki, na § katika sheria za Ujerumani au Marekani ni kifungu. Sheria zetu huandika neno lenyewe.

Kwenye isimu, kinyota mbele ya sentensi kinasema sentensi hiyo haikubaliki: *Kiti wangu amevunjika. Mikwaju miwili hubeba fonimu, yaani sauti inayotofautisha maana, /ŋ/. Mabano ya mraba hubeba matamshi, [ŋ]. Namba zake: ŋ 014B, ɲ 0272, ʃ 0283, θ 03B8, ð 00F0, ɣ 0263.

Hatua ya 6: maandishi ya dini

Alama ﷺ ya kumswalia Mtume ni herufi moja tu, FDFA. Fonti nyingi hazina. Amiri na Scheherazade New zinayo, na ni za bure. Kwenye maandishi madogo mimi huivimbisha pointi mbili ili isomeke. Kama haisomeki bado, andika (S.A.W.), mradi kitabu kizima kifuate njia moja.

Hatua ya 7: kagua

Bonyeza Ctrl+Shift+8. Utaona ¶ kila aya inapoishia, nukta kwenye nafasi za kawaida, na ° kwenye zile zisizokatika. Zima, hifadhi kama PDF, kisha ndani yake tafuta ng’ombe, ŋ na ﷺ. Kisicholeta jibu, rudi ukibadilishe fonti kabla ya kupeleka kiwandani.