Kujitayarisha kwa Dawa ya Iodini-131 na Kukaa Nyumbani Baada ya Kuimeza

Iodini inayotoa mnururisho, yaani nguvu isiyoonekana inayopenya vitu, imetumika kutibu tezi ya shingo tangu mwaka 1941, daktari Saul Hertz alipompa mgonjwa wa kwanza mjini Boston, na hadi leo aina yake iitwayo iodini-131 hutolewa kwa tezi inayofanya kazi kupita kiasi na kwa aina kadhaa za saratani yake. Tezi huivuta kama inavyovuta iodini ya kawaida, kisha chembe za beta, chembe ndogo mno inazozirusha, huharibu seli zilizo karibu, kwa umbali usiozidi milimita chache. Miali ya gama, ambayo dawa huitoa pia, hupenya hadi nje ya mwili, na hiyo ndiyo inayowahusu jamaa zako.

Daktari akikuagiza upunguze iodini, kwa kawaida kwa wiki 1 au 2 kabla ya dozi, mtii kikamilifu, kwa maana tezi iliyokwisha kujaa iodini huipokea dawa kidogo tu. Kwa mtu wa Mombasa agizo hili ni zito: samaki, kamba na pweza huachwa, pamoja na maziwa, viini vya mayai na chumvi iliyotiwa madini joto, yaani iodini; chumvi ya bahari nayo isitumiwe. Wali wa nazi na mbaazi za nazi hubaki, mradi chumvi yake iwe ile isiyo na madini hayo. Mwanamke apimwe mimba kabla ya dozi, na anayenyonyesha amweleze daktari mapema, kwa sababu mtoto huyo hatarudishwa ziwani baada ya dawa.

Nusu-maisha ya iodini-131, yaani muda wa kupungua hadi nusu, ni siku 8. Ukichukua kiasi cha kwanza kuwa 100, baada ya siku 8 hubaki 50, baada ya 16 hubaki 25, na baada ya 24 hubaki 12.5. Mwilini hupungua haraka zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa hutoka kwa mkojo katika siku za mwanzo. Hivyo kunywa maji mengi, kojoa ukiwa umeketi, na umwagie choo maji mara mbili.

Lililo gumu zaidi ni umbali. Ukiongeza umbali maradufu, mnururisho unaomfikia mwenzako hupungua hadi robo. Lala chumba cha peke yako, usimpakate mtoto, na wageni wanaokuja kukujulia hali wakusalimu kutoka mlangoni bila kukumbatiana. Waelezwe mapema, ili wasidhani wamekataliwa. Sinia moja nayo iachwe kwa muda, kwani iodini hutoka katika mate na jasho: kula kwa sahani yako, na nguo na shuka zako zifuliwe mbali. Idadi ya siku hutegemea dozi, kwa hiyo ifuate ile uliyoandikiwa hospitalini hata ukijihisi mzima.

Ikiwa dozi imetolewa Nairobi, muulize daktari kabla ya kukata tiketi, kwa sababu safari ya treni au basi hukuweka ubavuni mwa abiria mmoja kwa saa nyingi, naye huenda akawa mjamzito. Ukiruhusiwa kusafiri, beba barua ya hospitali, kwani vigunduzi vya mnururisho katika viwanja vya ndege vinaweza kukutambua hata wiki kadhaa baadaye. Kuhusu kutunga mimba, wanawake kwa kawaida huambiwa wasubiri miezi 6 au zaidi, na wanaume nao huwekewa muda wao wa kungoja.